Dakika kumi zangu nazipata chooni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 39. Nina mume na watoto wawili, mkubwa wa kiume yuko kidato cha pili, mdogo darasa la tatu. Baba yao ni dereva wa malori, Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka Zambia, kwa hiyo nyumbani tunamwona siku mbili tatu kwa mwezi. Mwezi wa tatu mwaka jana mama yangu mzazi alipata kiharusi akiwa Kilosa. Upande wa kulia ulipooza na maneno yanatoka kwa shida. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Dar na mwingine Mwanza, walikaa kikao wakaamua mama aje kwangu kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kike na "kazi ya ualimu ina nafasi". Hela ya dawa na pampasi wanatuma, sitawasingizia.

Siku yangu iko hivi. Saa kumi na moja alfajiri naamka kumgeuza mama na kumbadilisha, nampikia uji, naandaa watoto, saa moja kasoro niko shuleni. Darasa langu lina wanafunzi 112. Kuna jirani, mama mtu mzima, namlipa anashinda na mgonjwa hadi saa tisa. Nikirudi ni kumwogesha, kumfanyisha mazoezi ya mkono, kupika, kusahihisha madaftari. Saa mbili usiku nampa dawa zake. Usiku naamka tena mara mbili au tatu kumgeuza asipate vidonda. Kwaya ya kanisani niliacha tangu mwaka jana. Kusuka, mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Krismasi.

Naona mitandaoni watu wanazungumzia kujitunza kwa ajili ya afya ya akili, nikasema na mimi nianze. Januari nilichora ratiba kwa kalamu za rangi nikaibandika kwenye friji: kuamka saa kumi kusali na kunyoosha viungo, kunywa maji lita tatu, kutembea nusu saa, kusoma kurasa kumi, kuandika mambo matatu ya kushukuru, kulala saa tatu. Wanasema ukivumilia siku 21 inakuwa tabia. Mimi nilifika siku ya nne. Siku ya tano mama aliharisha usiku kucha, ratiba ikafa. Februari nikaanza upya, siku sita. Baada ya Pasaka nikaanza tena, siku mbili. Karatasi bado iko pale pale, nikifungua friji kutoa maziwa naikwepa kama mtu anayenidai.

Siku hizi nikitaka kuwa peke yangu naenda chooni. Nafungulia bomba lijaze ndoo ili wajue naoga, halafu nakaa juu ya ndoo nyingine niliyoigeuza, dakika kumi. Sina haja yoyote, ila ndio mlango pekee wenye komeo. Usiku wote wakilala nashika simu hadi saa saba, naangalia watu nisiowajua wakipamba keki, na huku najua saa kumi na moja inakuja.

Wiki mbili zilizopita nilimrushia mtoto daftari darasani kwa sababu ya mwandiko. Halikumpata, lakini alivyoniangalia sijasahau. Na kuna siku nimesimama nasubiri kuvuka barabara najikuta natamani nipate malaria ya kulazwa, siku tatu tu, nilale mtu mwingine aniletee uji.

Nilimgusia wifi yangu akacheka. Akasema, "Siku hizi na nyie mnajifanya wazungu. Mama zetu walilea watoto kumi na hakuna aliyesema anajitunza." Labda ni kweli. Labda mimi ni mvivu tu, sina nidhamu. Mama Mkubwa, nifanyeje ili nikianza nisiache?

Mwalimu, Morogoro


Marahaba Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kila nikifika pale chooni nacheka, kisha kicheko kinakauka, maana choo hicho nakijua. Marehemu mume wangu nilimuuguza miaka minne. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini miaka 31, na kila siku nilikuwa nawaambia ndugu wa wagonjwa wapumzike nao wasije wakaanguka. Nyumbani kwangu nilikuwa na jino linaniuma, nikawa nalituliza kwa vidonge vya maumivu miezi saba. Nilienda kuling'oa wiki moja baada ya arobaini ya mzee.

Hilo neno "mvivu" tulitoe kwanza. Mtu anayeamka mara tatu usiku kugeuza mgonjwa, asubuhi akafundisha watoto 112, mchana akarudi kumwogesha mama yake, uvivu wake ameuficha wapi? Nidhamu unayo tele, ila yote umeshaigawa. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwako wanachovya watoto, inachovya shule, anachovya mama, wanachovya kaka zako kwa simu, na hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya.

Halafu ukajiandikia ile ratiba. Mwalimu, ile ni muhtasari wa somo jipya umejiongezea juu ya masomo unayofundisha tayari. Mambo sita kwa mpigo, na la kwanza kabisa linakunyang'anya usingizi, kitu ambacho mwili wako unakidai kuliko maji lita tatu. Mtu anayelala saa saba na kuamka saa kumi na moja, tena kwa vipande vipande, halafu aamke saa kumi kunyoosha viungo? Ningekuwa mwili wako na mimi ningegoma siku ya tano.

Na hizo siku 21 usizibebe moyoni. Zinatajwa kutoka kwa daktari mmoja wa Marekani, Maxwell Maltz, mpasuaji wa kurekebisha sura za watu. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji siku 21 hivi, angalau, kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Ni habari ya pua, haikuwa habari ya kuamka alfajiri. Waliokuja kulipima jambo lenyewe ni akina Phillippa Lally wa University College London, na matokeo yao yalitoka mwaka 2010. Walifuatilia watu 96, kila mmoja kachagua tabia moja ndogo: kula tunda na chakula cha mchana, kunywa chupa ya maji, kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tabia ikawa inajiendesha yenyewe. Kuna aliyetumia 18, na kuna ambaye hesabu yake ilifika 254. Lakini mimi kilichonifurahisha ni kingine: aliyeruka siku moja hakuharibu kitu cha maana, mradi kesho yake aliendelea.

Kwa hiyo siku ile mama alipoharisha, wewe uliruka siku moja, kisha ukaifanyia mazishi. Ibandue hiyo karatasi. Usingoje Jumatatu.

Sasa jambo la kuweka mahali pake, na liwe moja. Tabia mpya ni kama kanga iliyofuliwa, inataka msumari wa kutundikwa, na msumari mzuri ni kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kukumbushwa. Wako umeuandika mwenyewe: saa mbili usiku unampa mama dawa. Ukishamfuta mdomo na kumlaza vizuri, mimina chai yako ikiwa ya moto, toka nje, kaa kwenye kigoda dakika kumi. Simu iache ndani. Watoto waambie wazi kwamba mama anakunywa chai, anayetaka kitu asubiri kikombe kiishe. Utaona wa darasa la tatu anakuja kuchungulia mlangoni siku tatu za kwanza, akishaona hujafa ataacha.

Utaniuliza ufanye nini hizo dakika kumi. Hakuna. Usishukuru mambo matatu, usinyooshe kiungo. Milima ya Uluguru saa hizo huioni, lakini ubaridi wake unashuka hadi miguuni, utausikia. Kunywa chai.

Najua inaonekana ndogo mno hata kuiandikia barua. Lakini hizo dakika tayari unazitumia, ila unazitumia kwa kuiba, juu ya ndoo, bomba linamwagika, masikio yako mlangoni. Mtu anayepumzika kwa wizi hapumziki, anajificha. Ninachokuombea ni zitoke chooni zije kibarazani, mbele ya watu.

Simu ya usiku sikugombezi. Wala sidhani unapenda keki. Unapenda ile saa ambayo hakuna anayekuita jina, na kwa kuwa mchana hukupewa unaitafuta usiku, unailipa kwa usingizi. Ukishapata chako saa mbili, hiyo njaa itapungua polepole. Anza kwa kuiacha simu ikichaji sebuleni, mbali na kitanda, ili kuishika iwe safari. Ukishtuka umekaa nayo hadi saa sita badala ya saa saba, hesabu kuwa umepata saa nzima.

Maji kunywa. Kutembea, ukishuka kwenye bodaboda mapema kidogo siku mbili kwa wiki inatosha kwa sasa. Vitabu vitakusubiri.

Ila nitakuwa nakudanganya nikisema chai itakutoa hapo ulipo. Usiku unaamka mara tatu, peke yako, tangu mwezi wa tatu mwaka jana. Hakuna tabia nzuri inayoota kwenye usingizi wa namna hiyo. Shuleni kwenu kuna mwalimu wa zamu, sivyo? Anashika wiki yake, anaandika kitabu cha zamu, Ijumaa anakabidhi. Ukisikia shule ambayo mwalimu mmoja kashika zamu kuanzia Januari hadi Desemba kwa kuwa "ana nafasi", ungesema mwalimu mkuu karukwa na akili. Nyumbani kwako ndiko ilikofika.

Kaka zako wanatuma hela na umewatetea, vizuri. Lakini hela haimgeuzi mgonjwa saa nane usiku. Usiwaandikie kwamba umechoka, kwa sababu watakujibu "pole sana dada, Mungu atakulipa", na mazungumzo yataishia hapo. Waandikie hivi:

"Kaka zangu shikamooni. Mama anaendelea vizuri. Kuanzia mwezi ujao nahitaji mtu mwingine amgeuze mama usiku, siku mbili kwa wiki. Nimeongea na jirani anayeshinda naye, yuko tayari kulala hapa Jumanne na Alhamisi kwa kiasi hiki. Naomba mgawane. Na wikiendi ya kwanza ya kila mwezi naomba mmoja wenu, au wifi zangu, aje akae na mama kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Naomba jibu kabla ya Jumapili hii."

Weka kiasi halisi baada ya kuongea na jirani. Wanaume wakiona tarakimu wanaelewa kwamba jambo lipo. Wa Mwanza atasema ni mbali. Basi yeye atoe zaidi na wa Dar aje. Morogoro na Dar ni kama kilomita 190, siku hizi hata treni ipo.

Na huyo kijana wa kidato cha pili anafanya nini saa kumi na moja jioni? Kumwogesha bibi yake sisemi, hilo liache. Lakini mazoezi ya mkono anaweza. Mwonyeshe mara mbili tatu: ashike kifundo cha mkono wa bibi kwa mkono mmoja, kwa mwingine afungue vidole taratibu, kimoja kimoja, kama anavyofungua ngumi ya mtoto mchanga aliyelala kashika pesa. Asivute kwa nguvu, na bibi akikunja uso asimame. Halafu amsomee gazeti la michezo, hata kama bibi hajui Simba wala Yanga. Mgonjwa ambaye maneno yanamkwama anahitaji kusemeshwa, na wewe jioni huna sauti iliyobaki.

Wifi yako mjibu kwa upole, maana kasema kweli nusu. Mimi nimekulia Pangani. Alasiri mama zetu walikaa uani, huyu anamsuka yule, huyu anachambua mchele, huyu ananyonyesha, wanasengenya mtaa mzima. Nyumba ikiwa na mgonjwa, aligeuzwa na nyumba nne, zamu zikijipanga bila kikao. Hawakusema wanajitunza kwa sababu walikuwa wanatunzana. Kipya siku hizi ni geti, na ndani ya geti mtu mmoja na mgonjwa wake. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisani, mkumbushe wifi kwamba katika Injili ya Marko wanafunzi walibanwa na watu hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, na Yesu mwenyewe akawaambia wajitenge wakapumzike kidogo. Sijui na hilo ataliita uzungu.

Nikupe na habari ya Harare, naipenda kwa sababu iliyo wazi: ni habari ya akina bibi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu waliolemewa. Washona wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo" na kila mtu anaelewa. Bibi anasikiliza yote, halafu anamwambia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi benchi sina, nina safu hii. Kwako tatizo moja nimelichagua: usiku. Mengine yapange mstari.

Sasa tuongee lile la malaria. Kutamani kulazwa ili upumzike nimekusikia kwa wauguzaji wengi, na mimi mwenyewe niliwahi kuionea wivu drip ya mgonjwa. Kwa hiyo sikushangai. Lakini nakuuliza wazi, na ujijibu wazi: hiyo tamaa inaishia wodini, au siku nyingine inapita wodi inaenda mbali zaidi, unatamani usiamke kabisa? Kama ni hivyo, au ikija kuwa hivyo, usingoje chai wala kaka. Siku hiyo hiyo mwambie mtu aliye karibu asikuache peke yako, muende hospitali ya rufaa ya mkoa, mwambie daktari maneno hayo hayo. Hata bila hilo, zikipita wiki mbili karibu kila siku huna furaha na chochote, chakula hakina ladha, usingizi unakataa hata mama akiwa ametulia, nenda ukapimwe. Sonona ni ugonjwa na una tiba, kama presha. Na presha yenyewe upime ukiwa huko huko: una miaka 39, mama yako kapata kiharusi, hulali. Hilo silisemi kama ushauri wa safu, nalisema kama muuguzi.

Yule mtoto wa daftari mwite pembeni umwombe radhi. Kwa maneno, "Nilikosea, samahani." Atashangaa kidogo, na wewe utalala vizuri zaidi siku hiyo.

Nimebakiza mstari mmoja wa barua yako, ule ulioupitia haraka kati ya vidonda na kusuka: kwaya umeacha. Umeieleza ratiba ya rangi kwa aya nzima, kwaya sentensi moja. Mimi nadhani ndiyo iliyokuwa dawa yako, na kwa sababu hukuiita kujitunza, ilipoondoka hukuona kwamba umepoteza kitu. Pale ulikuwa na wenzako, una pumzi ndefu, unacheka na watu ambao hawakuombi pampasi. Na ulikuwa unaenda kila wiki bila karatasi kwenye friji. Kama mazoezi yenu si siku moja kati ya hizo mbili atakazolala jirani, badilisha siku ya jirani, usibadilishe ya kwaya. Usipoweza kila wiki, nenda kila baada ya wiki moja. Mwambie mwalimu wa kwaya ukweli, atakupokea hata ukichelewa.

Hukuniambia unaimba sauti ya ngapi. Ukirudi kutoka mazoezi ya kwanza niandikie, na wimbo mliokuwa mnajifunza niambie.

Mama Mkubwa